Waliposema "Acha Mafuta"

Baba aliporudi kutoka kliniki na daftari la presha, alikuja na maagizo matatu: ameze dawa kila asubuhi, apunguze mawazo, aache mafuta. Dawa alimeza. Mawazo ya mkulima wa chai mwenye watoto chuoni hayapungui kwa kuambiwa yapungue. Yakabaki mafuta, na hayo mama aliyavalia njuga.

Kabla ya Sabato iliyofuata, jikoni kwetu hapakuwa na kitu chochote chenye asili ya mafuta. Kopo la mafuta ya kupikia, lile la kilo mbili ambalo likiisha huoshwa likageuka gorogoro la kupimia mahindi, lilipewa jirani likiwa bado nusu. Samli iliyokuwa kwenye chupa ya jemu ikalifuata. Njugu karanga ambazo baba alizoea kuzitafuna jioni akisikiliza taarifa ya habari hazikununuliwa tena Keroka. Na maparachichi, ambayo kwetu hayajawahi kununuliwa kwa kuwa mti uko nyuma ya zizi na huyaangusha wenyewe, yakaachiwa mbwa. Msimu huo mbwa wetu walinenepa wakang'aa manyoya, hadi wapita njia wakawa wanauliza tunawalisha nini.

Mboga zikaanza kuchemshwa. Sukumawiki, managu, chinsaga, zote kwa maji na chumvi. Mama hakupenda kumwona mumewe akiisukuma sahani kando, kwa hiyo aliongeza chumvi kidogo, kisha kijiko cha unga wa mchuzi wa pakiti, kisha chumvi tena. Chai ya baba iliendelea na vijiko vyake vya sukari, maana sukari haina mafuta. Mkate mweupe haukuguswa kwa hoja hiyo hiyo. Na bonasi ya chai ilipotoka, alipokwenda mjini kuipokea, alikula chipsi pale stejini, akirudi anasema amekula viazi.

Tangu wakati huo nimeishi Kisii mjini na Nairobi, nimekula katika nyumba za watu wengi, na nimesikia agizo lile lile kwa maneno yale yale. Mtu akipimwa presha, acha mafuta. Akipimwa sukari, acha mafuta. Akiongeza kilo mbili, acha mafuta. Agizo lenyewe si uongo. Limekatwa tu katikati, na ile sehemu iliyokatwa ndiyo yenye kazi.

Nyanya yangu, aliyetuzalia baba, hangelielewa kabisa. Kwake chinsaga bila mafuta ilikuwa mboga ambayo haijapikwa. Ile ni mboga chungu, ndiyo mgagani wa wenzetu wa pwani, na upishi wake ulitaka subira. Aliichambua jani kwa jani, akaichemsha, akamwaga maji ya kwanza yaliyobeba ukali, akaihamishia kwenye chungu na kuimiminia maziwa pamoja na malai aliyoyaengua juu ya maziwa ya jana. Ililala. Asubuhi aliongeza maziwa mengine, akaipasha kwa moto mdogo, ikalala tena. Ilipofika mezani na obokima, ugali wetu wa wimbi, ilikuwa imelainika na kubadilika rangi ikawa kijani cha kukolea, na pembeni mwa sahani palibaki duara dogo la mafuta ya manjano ambalo sisi watoto tuligombania kulifuta kwa tonge la mwisho.

Sasa najua lile duara lilikuwa likifanya nini. Mboga za kijani zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki kwenye maji. Vitamini A, D, E na K zote husafiri ndani ya mafuta, na zisipoyapata utumboni sehemu kubwa hupita tu zikatoka. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha jaribio dogo lakini lenye kueleweka: waliwapa watu kachumbari na saladi, mara moja bila parachichi na mara nyingine pamoja na parachichi au mafuta yake, kisha wakapima damu. Karotini iliyofyonzwa iliongezeka mara kadhaa pale parachichi lilipokuwapo. Kwa hiyo mama alipokuwa akirundika mboga zilizochemshwa kwenye sahani ya baba, akiamini anamjenga, tunda la kuzipa mboga hizo nguvu lilikuwa linaliwa na mbwa nyuma ya zizi.

Hofu yenyewe ilitoka mbali. Tarehe 24 Septemba 1955 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, alipata mshtuko wa moyo akiwa Denver, na kwa wiki kadhaa taifa zima likawa linazungumzia mishipa ya damu. Mtaalamu aliyekuwa na maelezo tayari ni Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1958 alianza utafiti mkubwa katika nchi saba: Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Mwaka 1961 sura yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Ujumbe uliotangaa ni kwamba mafuta yanaua.

Lakini ukifungua utafiti huo utakutana na wanaume wa kisiwa cha Krete, Ugiriki. Kama asilimia 40 ya nguvu waliyoipata kwenye chakula ilitoka kwenye mafuta, kiasi ambacho kingemfanya mama azirai, na bado vifo vyao vya moyo vilikuwa miongoni mwa vichache kabisa. Mafuta yao yalikuwa ya zeituni. Waliokuwa wakifa kwa wingi ni wakulima wa mashariki mwa Finland, walaji wa siagi na maziwa mazito. Keys mwenyewe alilijua hili. Alijenga nyumba kusini mwa Italia, akaandika vitabu vya kusifu mapishi ya huko yaliyojaa mafuta ya zeituni, akafa mwaka 2004 akiwa ametimiza miaka 100. Tofauti aliyoiona kati ya mafuta na mafuta haikusafiri vizuri. Kufikia mwaka 1977, kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na George McGovern ilipotoa malengo ya lishe kwa taifa, kilichoingia akilini mwa watu ni kupunguza mafuta tu. Viwanda vikafurahi. Vikatoa mafuta kwenye biskuti na maziwa ya mtindi, vikatia sukari ili ladha irudi, vikaandika kwenye pakiti kwamba bidhaa haina mafuta. Mama na chumvi yake alifanya yale yale, ila yeye hakuwa akiuza.

Watafiti walipojaribu kupima agizo hilo kwa dhati, matokeo yalitia aibu. Wanawake zaidi ya 48,000 nchini Marekani walifuatiliwa kwa miaka kama minane. Kundi moja lilifundishwa kula mafuta machache ya kila aina na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Majibu yalitoka mwaka 2006: hakukuwa na tofauti ya maana katika maradhi ya moyo. Kupunguza mafuta yote kwa pamoja, mazuri na mabaya, kulikuwa kama kutopunguza.

Kwetu Nyamira agizo lile lilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Waadventista walifika Nyanchwa, Kisii, mwaka 1912, na leo ni vigumu kupita kijiji cha Gusii bila kuona kanisa lao. Somo la afya ni sehemu ya ibada yetu. Mikutano ya kambi ya Agosti haikamiliki bila mtu kusimama na kueleza chakula. Na kila somo la mafuta nililolisikia utotoni lilianzia Walawi, pale Waisraeli wanapokatazwa mafuta ya mnyama pamoja na damu. Hakuna mhubiri aliyesimama kidogo kusema kwamba katika Walawi mafuta yale yalikatazwa kwa kuwa yalikuwa sehemu bora ya mnyama, iliyotengwa kwa madhabahu. Wala hakuna aliyesema kwamba parachichi halimo.

Ndiyo maana nilishangaa, na kwa kweli nilicheka, nilipokuja kugundua kwamba Waadventista wenyewe ndio waliosaidia kuzitoa njugu kifungoni. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, ni cha kanisa hilo, na watafiti wake wamewafuatilia waumini kwa miongo mingi kwa kuwa ni watu wasiovuta sigara wala kunywa pombe, hivyo athari ya chakula huonekana vizuri. Mwaka 1992 Gary Fraser na wenzake walichapisha matokeo ya watu kama 31,000. Waliokula njugu na kokwa za aina hiyo zaidi ya mara nne kwa wiki walikuwa na karibu nusu tu ya hatari ya mshtuko wa moyo, wakilinganishwa na waliokula chini ya mara moja. Karibu nusu ya uzito wa njugu karanga ni mafuta. Kama mafuta yangekuwa adui mmoja asiyegawanyika, hesabu hiyo isingewezekana.

Nilimpelekea baba habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hao ni wa kanisa letu kweli?" Nilipothibitisha, akasema basi mama yako asikie. Mama alisikia, lakini akataka neno la daktari. Hapo nilimwelewa. Mtu aliyeambiwa kwamba mumewe ataanguka hawezi kubadilisha sufuria kwa sababu mtoto amesoma kitu.

Neno hilo lilitoka kwa msichana mmoja, mtaalamu wa lishe, katika kliniki nyingine. Tuliingia wote watatu. Alimwacha baba aeleze, kisha akaanza kuuliza polepole.

"Mzee, chai unatia vijiko vingapi?"

"Vitatu tu, binti yangu. Sukari haina mafuta."

"Na chumvi?"

Mama akajibu kabla yake. "Hiyo ndiyo inamsaidia kumeza mboga."

Msichana hakucheka, na namheshimu kwa hilo. Alichukua kijiko cha chai kutoka kwenye droo, akajaza chumvi mpaka ikasawazika na ukingo, akaimimina kwenye karatasi mbele ya mama. Akasema kiasi hicho ndicho kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na unga wa mchuzi. Mama alikitazama kile kichuguu kwa muda. Kisha akauliza kama ni kwa mlo mmoja.

Msichana alieleza jambo la pili kwa lugha ambayo nimeitumia tangu siku hiyo. Nyamira ni nyanda za juu. Mwezi wa Julai alfajiri ukitoa mkono nje ya blanketi unaurudisha. Akatuambia tutazame mafuta asubuhi kama hizo. Yanayoganda, ndiyo ya kutumia kwa kipimo. Yanayobaki maji, hayo ni rafiki zaidi wa mishipa. Nilipofika nyumbani nilipanga chupa dirishani. Alfajiri, mafuta ya alizeti yalikuwa yanameremeta kama jioni. Mafuta ya kupima, yale tunayoyaita salad na kununua dukani ya shilingi ishirini au thelathini kwenye chupa ya soda, yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na chini kumetulia chengachenga kama uji uliopoa. Hayo kwa kawaida hutoka kwenye mawese. Samli ilikuwa ngumu kabisa, kijiko kilisimama.

Kipimo hicho cha dirishani hakimalizi kila kitu, lakini kinakaribia. Mafuta yanayoganda kwa urahisi, ya wanyama, ya nazi, na kwa sehemu kubwa ya mawese, yakizidi hulifanya ini lilegee katika kuondoa kolesteroli ya LDL kwenye damu, ile inayojipachika kwenye kuta za mishipa. Ukiweka mahali pake mafuta ya maji, ya alizeti, ya soya, ya njugu, ya parachichi, LDL hushuka. Neno zito hapo ni mahali pake. Ukitoa samli ukaweka mkate mweupe na sukari, hujafanya biashara yoyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa Julai 2023, halikumwambia mtu aache mafuta: linaruhusu yafike asilimia 30 ya nguvu ya chakula chote, bora yanayoganda yasizidi asilimia 10.

Kuna kundi moja la mafuta ambalo lina haki ya kuogopwa bila kujizuia, na ndilo ambalo nyumbani kwetu halikutajwa hata siku moja. Mwanzoni mwa karne iliyopita mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, aligundua namna ya kupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji mpaka yakaganda. Yalikuwa rahisi, hayaozi haraka, yanafaa kwa biskuti na keki. Njia hiyo isipokamilishwa huzaa mafuta yanayoitwa transi, ambayo hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL, kolesteroli inayosaidia kusafisha. Denmark iliyawekea mpaka mkali mwaka 2003, ya kwanza duniani. Marekani iliondoa ruhusa ya mafuta ya namna hiyo viwandani kuanzia Juni 2018. Kwa hiyo mtu anayesoma pakiti ya biskuti au majarini dukani Nyamira na kukuta imeandikwa kwamba mafuta yametiwa haidrojeni kwa kiasi, airudishe tu kwenye rafu. Hapo siwezi kuwa mpole.

Na zile chipsi za stejini. Karai lile huwashwa alfajiri na mafuta yale yale, yanaongezwa juu badala ya kumwagwa, na kufikia mwisho wa wiki yameiva rangi ya chai ya rangi na yanatoa povu na moshi kabla viazi havijaingia. Mafuta yanapochomwa mara nyingi huvunjika na kuzaa vitu vinavyodhuru. Baba aliyekataa robo ya parachichi kwa ajili ya moyo wake aliyala hayo akiwa amesimama, kwa kijiti, bila hofu yoyote.

Watoto ndio wanaoniumiza zaidi. Shangazi yangu mmoja, akiogopa, alianza kumlea mjukuu kwa uji mwepesi na mboga za kuchemsha kama za baba. Karibu nusu ya nguvu iliyomo kwenye maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta. Ubongo wa mtoto unajengwa kwayo. Mtoto chini ya miaka miwili hatakiwi kuingizwa kwenye mlo wa babu mwenye presha. Parachichi lililopondwa, njugu zilizosagwa laini ndani ya uji, yai, omena iliyotwangwa kutoka Homa Bay: hivyo ndivyo vitu vya kumpa, na vyote viko soko la Keroka siku yoyote ya soko.

Yai nalo lilikuwa na kesi yake. Miaka yangu ya chuo Nairobi niliishi na wenzangu waliokula ute mweupe na kumwaga kiini kwa kuogopa kolesteroli. Wamarekani, waliotuuzia hofu hiyo, waliondoa ile kanuni ya miligramu 300 za kolesteroli kwa siku kwenye mwongozo wao uliotolewa kwa mwaka 2015. Sijui kama wenzangu walipata habari.

Nyumbani mambo yalibadilika kwa makubaliano, si kwa mapinduzi. Chumvi ilihamia kwenye kikombe chenye kijiko kimoja ndani. Sukari ya chai ilishuka kwa malalamiko. Njugu zilirudi, za kukaanga bila chumvi, konzi moja jioni, maana gramu 100 za njugu zina nguvu inayokaribia kalori 600 na mtu anayekaa redioni anaweza kuzimaliza bila kujua. Chinsaga ilirudishiwa malai baada ya mabishano marefu. Mama alikubali kijiko kimoja kwa sufuria nzima, na baba anadai ni nusu. Dawa za presha hakuziacha na hakuna aliyemwambia aziache.

Kigumu kilichobaki ni pesa. Lita ya alizeti inauzwa ghali kuliko mafuta ya kupima, na mama mwenye nyumba ya kukodi pale Nyamira mjini anayenunua mafuta ya ishirini kila jioni hana nafasi ya kuchagua. Kumwambia asome pakiti ni kumtania. Mafuta yake hayana pakiti. Ninachoweza kumwambia kwa uaminifu ni kwamba atumie machache, asiyachome mara mbili, na ale parachichi, kwa sababu msimu ukikolea bei yake kwetu huwa haifiki hata nauli ya kurudi kutoka sokoni.

Ila hata hilo linabadilika. Madalali wanaingia na malori wakitafuta Hass, lile dogo lenye ganda la mikwaruzo lililopewa jina la Rudolph Hass, mpeleka barua wa California aliyelisajili mwaka 1935. Lina mafuta zaidi kuliko letu la kienyeji, kubwa na lenye majimaji, na Ulaya wanalilipia kama dawa. Binamu yangu ameshanunua miche. Anataka ukatwe mti wa nyuma ya zizi, anasema unameza kivuli na hauleti shilingi. Baba amekataa. Mama amesema binamu akitaka shamba la Hass apande kule chini kwenye mikaratusi, na mti huu auache mpaka mjukuu aote meno yote. Wameahidiana kulizungumza baada ya bonasi.